Mguu Usiouma

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaishi kwa miguu. Anayekwenda sokoni huenda kwa miguu. Anayempeleka mtoto hospitalini humbeba mgongoni, akaenda kwa miguu. Katekista anayezungukia vijiji vyake hufanya vivyo hivyo. Huko Masisi, juu milimani, njia ni ya matope na mawe makali. Huko Walikale, chini msituni, njia ni ya mizizi, ya madaraja ya magogo, na ya maji yanayofika magotini. Hata chukudu, baiskeli yetu ya mbao, haiendi pasipo mguu wa kuisukuma.

Lakini ukiuliza ni nani kati yetu aliyeangalia wayo wake mwenyewe tangu mwaka huu uanze, wengi watacheka. Uso tunauosha na kuutazama katika kioo. Mguu tunauacha huko chini, mpaka utuite kwa maumivu.

Je, usipotuita? Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuwaelezea leo, wasomaji wapenzi. Iko miguu isiyoita. Uko mguu ulioingia mwiba, na mwenyewe akautembeza siku tatu bila kujua. Tutaona jinsi watu walivyojifunza kuupima na kuutunza mguu wa namna hiyo. Elimu hiyo haikuanzia kwa matajiri wala kwa wafalme. Ilianzia kwa watu waliofukuzwa vijijini mwao, yaani wagonjwa wa ukoma.

Mgeni aliyekuja na meli

Kabla ya kufika kwa ukoma, tuanze na mdudu ambaye kila nyumba yetu inamjua: funza. Wengi hudhani kwamba funza alikuwapo huku tangu siku za mababu wa mababu. Sivyo. Funza ni mgeni. Kwao ni Amerika. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili, ikafika Ambriz, pwani ya Angola. Mchanga uliowekwa ndani yake ili kuipa uzito ulimwagwa pwani, na ndani ya mchanga ule mlikuwa na funza.

Tangu hapo mdudu huyu hakuhitaji gari wala farasi. Alipanda miguu ya wapagazi. Akafuata njia za misafara, akapanda pamoja nao mto Kongo, akapita misitu ya Manyema na nchi za Maziwa Makuu, na kabla ya mwisho wa karne ile alikuwa amefika pwani ya Zanzibar. Alivuka Afrika yote kwa miaka isiyofika 30, akichukuliwa bure na nyayo za watu. Wabebaji wa pembe za ndovu na wa mizigo ya wakubwa ndio walioumia zaidi. Wako waliopoteza vidole, na wako walioachwa njiani kwa sababu hawakuweza tena kutembea.

Basi mama zetu na bibi zetu wakajifunza uganga wa kwanza wa miguu. Jioni, watoto wakiisha kuoga, mama humweka mtoto mbele yake, akashika mguu, akatazama katikati ya vidole, chini ya kucha na ukingoni mwa kisigino. Akiona alama nyeusi yenye duara jeupe, humtoa funza kwa mwiba au kwa pini. Tusiidharau kazi hiyo. Ndani yake yamo mafundisho mawili ambayo waganga wakubwa walikuja kuyafundisha baadaye katika vitabu. La kwanza: mguu huangaliwa kila siku, hata kama hauumi. La pili: ni vizuri mwingine akuangalie, maana si rahisi mtu kuuona vema wayo wake mwenyewe.

Lakini kulikuwa na kasoro. Pini moja ilitumika kwa watoto wote wa nyumba, tena kwa jirani, na kwa njia hiyo ilichukua ugonjwa wa huyu ikampa yule. Tena kidonda kilichoachwa wazi katika udongo kiliweza kuingiwa na pepopunda. Ndiyo maana leo tunaambiwa pini ichemshwe, kila mtu awe na yake, na kidonda kioshwe kwa sabuni kikafungwe. Hapo tunaona kwamba mapenzi mema ya mama hayatoshi bila mafundisho.

Padri Damien na maji ya moto

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1873 padri kijana wa Ubelgiji, Damien De Veuster, mzaliwa wa Tremelo, alikwenda kukaa Molokai, katika visiwa vya Hawaii, mahali ambapo serikali iliwatupa watu wenye ukoma. Mwaka huohuo wa 1873, mbali sana na huko, daktari Armauer Hansen wa mji wa Bergen, nchi ya Norway, aliona kwa darubini kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Kwa hiyo ukoma haukuwa laana, wala urithi wa ukoo, wala kazi ya wachawi. Ni ugonjwa wenye kijidudu chake, kama kifua kikuu. Lakini dawa ilikuwa bado.

Padri Damien alikaa Molokai akijenga nyumba, akichimba makaburi, akiwafunga wagonjwa vidonda. Siku moja katika mwezi wa Desemba 1884, alipokwisha kukaa huko miaka 11, alitia miguu yake katika maji ili aioshe. Maji yalikuwa ya moto sana. Ngozi ikafanya malengelenge, naye aliyaona malengelenge kwa macho, lakini hakusikia maumivu yoyote. Hapo akatambua kwamba yeye pia ameshikwa na ukoma. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Sisi Wakristo tumezoea kusoma habari hiyo ili tujifunze upendo wake, na ni haki. Lakini tuisome tena ili tujifunze jambo la mwili. Nini kilichoiunguza miguu ya Padri Damien? Ni ukoma? La. Ni maji ya moto. Ukoma uliziba tu mdomo wa mguu ili usipige kelele. Jambo hilo ni dogo kulitamka, lakini ilipita miaka 60 na zaidi kabla ya watu kulielewa vizuri.

Kosa la miaka mingi

Maana watu wa zamani, Wazungu kwa Waafrika, walisema hivi: ukoma unakula vidole. Hata waganga wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa huoza yenyewe, na vidole huanguka kama majani makavu. Tazameni matokeo ya wazo hilo. Kama ugonjwa wenyewe unakula mguu, basi kuna haja gani ya kuuosha? Kuna haja gani ya kumshonea viatu mtu ambaye mguu wake utaisha tu? Watu walikata tamaa, na wagonjwa nao wakakata tamaa.

Mwaka 1946 daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Alianza kuangalia mikono na miguu ya wagonjwa wa ukoma kwa uvumilivu mkubwa. Aliona mgonjwa mmoja akifungua kufuli yenye kutu kwa ufunguo. Alitumia nguvu nyingi mpaka kidole kikapasuka hata ndani, naye hakujua mpaka damu ilipoonekana. Aliona wengine wanaoshika chungu cha moto kwa mikono mitupu. Tena wako walioamka asubuhi na kukuta kipande cha kidole hakipo. Walichunguza usiku, wakagundua kwamba panya walikuja kuguguna vidole vya watu waliolala, na hao hawakuamka kwa kuwa hawakusikia kitu. Basi wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao. Dawa ya ajabu, lakini ilifaa.

Hivyo ikajulikana wazi. Kijidudu cha ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na mishipa ikifa, mguu hupata hasara tatu. Kwanza hupoteza maumivu, kwa hiyo mwiba, jiwe na moto huingia bila kizuizi. Pili hupoteza nguvu, vidole vikajikunja, na uzito wa mwili ukaangukia mahali padogo. Tatu hupoteza jasho. Ngozi hukauka, ikafanya magaga, na katika nyufa za magaga uchafu huingia. Mtu mzima akipata kidonda chini ya wayo huchechemea, na kwa kuchechemea hukipumzisha kidonda kikapona. Mwenye mguu wa ganzi hachechemei. Hukanyaga kidonda chake mara maelfu kwa siku, mpaka kinafika mfupani.

Basi, ukoma unakula vidole? Hasha! Vidole vinaliwa na moto, na mawe, na panya, na kutembea juu ya kidonda. Na kama ndivyo, basi vidole vyaweza kulindwa. Wasomaji wapenzi, katika historia yote ya kutunza miguu hatujui neno lililoleta matumaini zaidi ya hilo.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Brand na wenzake walifunga mguu wenye kidonda kwa plasta ngumu, kama mguu uliovunjika mfupa, ili uzito usiangukie mahali pamoja, na kidonda kilichokaa wazi miaka mingi kikapona kwa majuma machache. Kisha wakatengeneza viatu vyenye mpira laini ndani na mgumu nje. Katika vituo vingi vya ukoma fundi viatu akawa mtu mkubwa kama mganga.

Majirani zetu

Wala hatuna haja ya kwenda India ili kuona kazi hiyo. Huko Uganda, Masista Wafransisko wa Mama Kevin, sista Muairlandi aliyefika nchini mwaka 1903, walifungua vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga, na mwaka 1934 huko Buluba katika nchi ya Busoga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Buluba daktari mmoja Mpolandi, mlei mwanamke, Wanda Błeńska. Alikaa huko zaidi ya miaka 40. Aliwagusa wagonjwa kwa mikono yake mitupu, akawapasua waliohitaji kupasuliwa, na kilicho muhimu kwa habari yetu, aliwafundisha wengine. Wasaidizi na waganga walikuja Buluba kujifunza kupima mishipa, kuangalia nyayo na kusafisha vidonda. Alikufa mwaka 2014, mwenye umri wa miaka 103.

Katika Kivu yetu ya Kaskazini nako, huko Oicha karibu na Beni, daktari Mmarekani Carl Becker wa misioni ya Kiprotestanti alikuwa na kambi iliyotunza maelfu ya wagonjwa wa ukoma katika miaka ya 1950. Na Ethiopia, katika mji wa Addis Ababa, kulianzishwa mwaka 1965 kituo kikubwa cha mafunzo ya ukoma kwa ajili ya Afrika nzima, kiitwacho ALERT. Huko, katika miaka ya 1990, wagonjwa wenyewe waliunganishwa katika vikundi vidogo vya jirani. Walikutana, wakavua viatu, kila mmoja akaonyesha miguu yake kwa wenzake, wakasemezana: kidonda chako kimepungua, chako kimeongezeka, ulifanya nini wiki hii? Mgonjwa akawa mwalimu wa mgonjwa.

Wakati huohuo dawa ilipatikana. Vidonge vya dapsoni vilianza kuenea karibu na mwaka 1950. Na mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia liliagiza dawa kadhaa zitumike pamoja. Tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Mgonjwa huzitumia miezi 6 au miezi 12 kadiri ya namna ya ugonjwa wake, akapona, wala hahitaji kutengwa na watu. Lakini tuangalie sana hapa. Dawa huua kijidudu. Haifufui mshipa uliokwisha kufa. Mtu aliyepona ukoma mwaka jana aweza kupoteza mguu mwaka huu kwa jiwe dogo lililoingia kiatuni. Kwa hiyo kazi ya kuangalia miguu haikuisha dawa ilipofika.

Uzi mdogo wa nailoni

Utajuaje kama mguu unasikia? Wataalamu walitafuta njia sahihi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Max von Frey alitumia nywele ngumu kugusia ngozi. Katika mwaka 1960, Josephine Semmes na Sidney Weinstein huko Marekani walieleza kipimo cha nyuzi za nailoni, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa kichwani. Baadaye katika hospitali ya ukoma ya Carville, Marekani, ambako Paul Brand alihamia mwaka 1966, walipima nyayo nyingi kwa nyuzi hizo. Ikaonekana kwamba mtu asiyeusikia uzi unaopinda kwa uzito wa gramu 10 yumo katika hatari ya kupata vidonda, na kwamba yule anayeusikia bado ana ulinzi.

Hapo wagonjwa wa ukoma waliwasaidia watu wengine wengi. Maana uko ugonjwa mwingine unaoua mishipa ya miguu, nao ni kisukari. Uzi wa gramu 10 leo hutumika duniani kote kwa wagonjwa wa kisukari, na plasta ya Vellore pia. Huko Dar es Salaam daktari Zulfiqarali Abbas aliona jinsi miguu mingi ya wenye kisukari inavyokatwa kwa sababu wanachelewa kufika. Basi tangu mwaka 2004 yeye na wenzake waliendesha Tanzania mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua. Walimwita daktari mmoja pamoja na muuguzi mmoja kutoka hospitali moja, wakawafundisha wawili hao pamoja kupima mguu, kukata sugu, kusafisha kidonda na kumfundisha mgonjwa. Wakawapa na vyombo vya kazi. Kisha wakarudi kwao kufundisha wengine. Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja akihamishwa au akichoka, ujuzi usife.

Mambo matano ya kujifunza

Sasa mtauliza: sisi wa kijijini twaweza kujifunza nini? Haya ndiyo mambo matano ya kwanza yanayofundishwa katika kupima mguu, na kila mtu mwenye akili timamu aweza kuyashika.

Kwanza, uliza. Je, una ganzi, au miguu hukuwasha kama imekanyaga makaa? Umewahi kupata kidonda kisichoumwa? Una kisukari, au uliwahi kutumia dawa za ukoma?

Pili, angalia. Mtu akae, wewe upige magoti, ushike mguu penye mwanga. Tazama juu, chini, kisigino, kucha, na katikati ya vidole. Tafuta magaga, sugu, malengelenge, funza, uvimbe. Sugu yenye doa jeusi au jekundu ndani yake ni kidonda kilichojificha.

Tatu, gusa. Pitisha mgongo wa mkono wako juu ya miguu yote miwili. Mahali penye moto kuliko mguu wa pili pana hatari, hata kama ngozi ni nzima. Kidonda huanza ndani kabla ya kuonekana nje.

Nne, pima kusikia. Mgonjwa afumbe macho. Mguse polepole kwa uzi wa gramu 10 chini ya kidole gumba, chini ya mzizi wa vidole na ukingoni mwa wayo, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Usimguse penye sugu nene, maana hapo hata mzima hasikii. Pasipo uzi, ncha ya kalamu ya wino hutumika kwa wagonjwa wa ukoma, ikiguswa kidogo tu hata ngozi ibonyee, bila kuchoma.

Tano, angalia kiatu. Tia mkono ndani yake. Utakuta msumari, jiwe, au mshono uliofumuka. Mwenye mguu wa ganzi asivae kandambili ya kushika kwa vidole, maana humpasua ngozi au hutoka bila yeye kujua. Ndara ya mpira wa gari yenye mkanda nyuma na sponji laini ndani humfaa zaidi.

Na matibabu? Mguu mkavu wa mtu wa ukoma hulowekwa katika maji baridi yapata dakika 20 au 30 kila siku, ukasuguliwa sugu kwa jiwe la kukwaruza. Jiwe hatukosi, Nyiragongo imetupa mengi. Kisha, kabla haujakauka sana, hupakwa mafuta, na mawese ya Walikale hufaa kama mafuta ya dukani. Mwenye kisukari asiloweke miguu, bali aioshe kwa upesi na kuikausha vema katikati ya vidole. Wembe usitumike kukata sugu nyumbani. Maji yapimwe na mtu anayesikia, kwa kiwiko. Na kidonda cha wayo kina dawa moja kubwa kupita zote, nayo ni kupumzika: usikikanyage. Mafuta yote ya duniani hayatamponya mtu anayetembea juu ya kidonda chake.

Lakini ukiona mfupa, au usaha wenye harufu, au mguu kuvimba na homa, au kidole kuwa cheusi, hapo si kazi yako tena. Mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Vilevile mtu wa ukoma ambaye mguu wake umeanza kulegea au kufa ganzi karibuni asingoje, maana zipo dawa za kuokoa mshipa zikitolewa katika miezi ya kwanza. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mguu twaweza kusema wazi zaidi: ukuta wa nyumba hujengwa tena, lakini mguu uliokatwa hauoti.

Na kwetu je?

Huko Masisi na Walikale miguu imebeba mizigo mizito. Katika vita vya 1914 hadi 1918 watu wa Kivu walilazimishwa kubeba mizigo ya askari wa Wabelgiji walioelekea Tabora. Katika miaka ya 2000, wabebaji wa Bisie, Walikale, walitembea msituni siku mbili wakiwa na magunia ya kilo 50 ya mawe ya bati, mpaka barabarani. Na tangu vita vilipoanza Ntoto, mwezi wa Machi 1993, vikaenea Masisi yote, watu wetu wamekimbia mara nyingi, usiku, wengi bila viatu. Waliojeruhiwa kwa risasi na waliokatwa miguu walipelekwa Goma, ambako kituo cha Shirika la Umoja kimewatengenezea wengi miguu ya bandia. Lakini mtu aliyepewa mguu mmoja wa bandia anabaki na mguu mmoja wa kweli, na huo unafanya kazi ya miwili. Nani anauangalia?

Wengine watasema: hakuna daktari wa miguu Masisi, wala Walikale, basi tungoje. Sisi hatukubali neno hilo. Historia yote tuliyoieleza inalikataa. Mama aliyetoa funza hakungoja daktari. Wagonjwa wa Ethiopia hawakungoja. Wauguzi wa Tanzania walijifunza kwa siku chache, wakarudi kwao kufanya kazi. Kazi hii haitaki mashine. Inataka macho, mikono, maji, mafuta kidogo, na mtu anayekubali kupiga magoti mbele ya mguu wa mwenzake. Alhamisi Kuu tunaona padri akiosha miguu ya watu 12, nasi tunaona ni ibada nzuri. Siku zilizobaki za mwaka je?

Wengine huona haya. Mwenye ganzi huificha kwa kuogopa watu kusema ana ukoma, na jirani naye hukaa mbali. Sisi makatekista tunafika mahali ambapo muuguzi hafiki ila mara chache, nasi tunajua ni nani hakuja kanisani kwa kuwa mguu wake unanuka. Hatupaswi kujifanya waganga, wala kuchoma sindano, wala kukata nyama. Lakini twaweza kumwomba muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu atufundishe yale mambo matano kwa siku moja, wawili wawili kutoka kila shirika, mmoja mwanaume na mmoja mwanamke. Twaweza kuwakusanya wenye kisukari na waliopona ukoma mara moja kwa juma, wakavua viatu bila aibu na kuonyeshana miguu. Twaweza kuwasihi mafundi wa ndara za mpira wafunge mkanda nyuma.

Congo ni mojawapo ya nchi za Afrika ambazo bado huandikisha wagonjwa wengi wapya wa ukoma kila mwaka, na kisukari kimeingia hata vijijini. Kwa hiyo miguu isiyouma ipo kati yetu, nayo inatembea katika njia za Nyabiondo na katika njia za mto Lowa, kimya kabisa. Tusingoje ipige kelele. Jioni hii, wakati wa kuoga, tuanze na mzee wa nyumbani mwetu: tuketi chini, tushike mguu wake, tutazame wayo.